Nani Anamwongezea Miguu Bibi Kwaresima?

Jumatatu moja asubuhi nilihesabu miguu ya mwanamke aliyelala juu ya rafu yangu ya jikoni, nikapata mitano.

Jumamosi tulikuwa tumemwacha na minne.

Msikimbie, hapa hakuna uchawi. Mwanamke mwenyewe ni wa unga. Unga wa ngano, chumvi na maji, ukakandwa, ukaokwa kwa moto mdogo mpaka ukakauka. Lakini mguu ni mguu, jamani, hauoti wenyewe.

Naitwa Vaia. Nakaa kijiji kimoja cha milimani karibu na mji wa Grevena, kaskazini mwa Ugiriki, kwenye nyumba ya ghorofa. Juu nakaa mimi na wanangu wawili, Asimina wa miaka mitano na Zisis wa mitatu. Chini anakaa mama mkwe wangu, Evanthia. Mume wangu, Stergios, alikuwa na mwaka wa nne Ujerumani, anapakia mizigo ghalani zamu ya usiku.

Mimi si mtu wa kupangiwa, na kijiji kizima kinajua.

Wenzangu wakitaka utulivu wanawapa watoto simu. Mimi nawapa ndoo ya matope. Vuli tunatengeneza watu wa koni za misonobari. Baridi ikija, maganda ya jozi tunayafanya mashua, tanga lake jani, tunashindanisha kwenye beseni. Kila dirisha kwangu lina vijimea laini vya magome ya miti, mawe, manyoya ya ndege, na kitu fulani cha Zisis ambacho hata yeye hakumbuki ni nini.

"Hii si nyumba, hili ni zizi," Evanthia alikuwa akiniambia kila akipanda ngazi.

Nilimjibu kwamba wanyama wa zizi hili wana afya. Tulikuwa tunaishi hivyo, yeye ananichokoza, mimi namrudishia, na sahani ya chakula inapanda na kushuka ngazi kila siku bila kukosa.

Sasa, huyu Bibi Kwaresima.

Kwetu ndiye kalenda ya watoto. Jumatatu Safi, siku Kwaresima inapoanza, unamtengeneza. Mikono ameikunja anasali. Mdomo hana, maana anafunga. Miguu anayo saba, wiki saba. Kila Jumamosi unakata mmoja, na ukikata wa mwisho, Pasaka imefika.

Wa mwaka ule tulimpamba hasa. Macho ya karafuu, vifungo vya dengu alivyovibonyeza Zisis kwa kidole gumba, na kila mguu Asimina aliuchorea kiatu chake. Alikaa na kijiti ulimi nje, hakuruka hata mmoja.

Lakini mwaka ule miguu ile ilikuwa na hesabu nyingine.

Siku moja kabla ya Jumatatu Safi, Stergios alipiga simu. Sauti yake ilikuwa imechangamka kuliko nilivyoisikia miaka yote minne. Amepata nyumba, vyumba viwili, ghorofa ya nne. Vitanda vya watoto ameshanunua. Asimina ana nafasi ya chekechea kuanzia Mei. Pasaka anakuja na gari, na tukimaliza sikukuu tunarudi naye wote.

Nikasema, "Sawa."

Mimi Vaia, niliyewahi kubishana na padri siku ya harusi yangu mwenyewe, nikasema sawa.

Ningesema nini? Mtu anavunja mgongo miaka minne kwa ajili yetu, halafu mke amwambie hataki. Mke gani huyo? Nikamuuliza vitanda ni vya rangi gani.

Ila kule nilikuwa nimeshafika. Kiangazi cha mwaka juzi tulikwenda wiki tatu. Kila Zisis akikimbia, jirani wa chini alikuwa anagonga dari lake kwa mti wa fagio. Tuliporudi kijijini nikaona mtoto anatembea kwa ncha za vidole ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mtoto wa mwaka na nusu, ameshajifunza kunyata. Nililia siku ile, na sikumwambia mtu kwa nini.

Na Evanthia? Aliposikia habari ya gari alipiga ishara ya msalaba.

"Ndivyo inavyotakiwa," akasema. "Mke hukaa alipo mumewe."

Kesho yake kijiji kizima kilikuwa na habari. Mke wa mwoka mikate alinipongeza, na wanawake kanisani wakanishika mikono. Nikajiambia, kumbe mama huyu alikuwa anangoja tu tumwachie nyumba yake. Basi na mimi, kwa hasira, nikaanza kufunga mabegi, tena kwa kelele, ili asikie huko chini.

Asimina alikuwa akinifuata chumba hadi chumba. Siku moja akaniuliza, miguu ikiisha baba anakuja? Nikamwambia ndiyo. Akauliza, na sisi tunaondoka? Ndiyo. Na bibi? Nikamwambia bibi anabaki.

Alikwenda jikoni akakaa na Bibi Kwaresima wake muda mrefu.

Jumamosi ya kwanza tukakata mguu, ikabaki sita. Ya pili, mitano. Ya tatu, minne.

Jumatatu yake, mitano.

Aliyesema wa kwanza ni Evanthia, alipopanda na mkate wa mboga za porini. Aliweka sinia, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena, akamwita Asimina.

"Ni wewe uliyeongeza mguu?"

"Siyo mimi, bibi."

"Mjukuu wangu, njia ya mwongo ni fupi."

"Siyo mimi."

Mtoto akageuka akanitazama. Mimi nilikuwa kwenye sinki naosha vyombo. Nikasema yaishe, ni unga tu, kwani kuna kesi gani. Evanthia akasema uongo huanza na unga. Asimina akaenda zake nje kimya kimya.

Jumamosi ya nne tukakata, wakati ule ikabaki minne badala ya mitatu. Ya tano, mitatu. Watoto walikuwa wanachagua wenyewe mguu wa kukata, na kila mara walichagua wenye kiatu.

Jumatatu iliyofuata, minne tena.

Safari hii nilishtuka kweli. Mguu mpya ulikuwa wa njano. Nikaukwaruza kwa ukucha, nikaonja. Unga wa mahindi. Juu kwangu unga wa mahindi haukai, lakini chini Evanthia ana gunia zima, anapikia mikate yake ya kufunga.

Evanthia akaja, akatazama, akanyoosha mgongo.

"Sasa anaiba na unga wangu," akasema.

Nikamwita Asimina mimi mwenyewe. Nikamuuliza kama ni yeye. Akajibu siyo yeye, kwa sauti ileile, bila kulia. Bibi yake akatoa hukumu: Jumamosi ya Lazaro haendi na wenzake.

Mnaojua milima yetu mnajua hukumu hiyo ina uzito gani. Siku ile wasichana wadogo wanazunguka nyumba hadi nyumba na vikapu vya maua, wanaimba, wanapewa mayai. Asimina alikuwa amesuka kikapu chake mwenyewe, kwa fito za mto tulizoziloweka siku nne. Kilikuwa kimepinda upande mmoja, naye alikuwa anakipenda hivyohivyo. Maua alikuwa ameshachagua atayachuma wapi.

Na mimi nikakubali ile hukumu. Andikeni hapo, nilikubali.

Jumamosi wale wasichana wakapita chini ya dirisha letu wakiimba. Asimina alisimama pale na kikapu mkononi mpaka sauti zikaishia kwenye kona ya kanisa. Kisha akasema, "Tukate mguu." Tukakata. Ikabaki mitatu, na kwa haki ulitakiwa kubaki mmoja.

Usiku ule sikupata usingizi.

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya Matawi, siku ya jina langu, maana Vaia kwetu ni matawi yale. Tulikwenda kanisani mimi na watoto. Evanthia akasema mguu unamuuma, atabaki aangalie samaki jikoni. Katikati ya misa Zisis akajikojolea, akalowa mpaka soksi. Nikamwacha Asimina na jirani, nikambeba huyu bwana mkubwa chini ya kwapa, nikarudi nyumbani.

Chini hakukuwa na mtu. Nikapanda ngazi, na mlango wa jiko langu ulikuwa wazi.

Evanthia alikuwa amesimama kwenye rafu, mikono ya gauni ameikunja, unga wa mahindi mpaka kwenye viwiko. Alikuwa analowesha kidole kwa ulimi na kulainisha maungio, taratibu, kama mtu anavyompaka mtoto dawa kwenye kidonda.

"Mama."

Hakugeuka. "Funga mlango, baridi inaingia."

Nikafunga. Nikamweka Zisis chini na soksi zake zilizolowa.

"Ulimwita mtoto mwizi," nikamwambia. "Ukamnyima Lazaro wake."

"Nilimnyima," akasema. "Mungu ananiona."

"Na wewe ndiye uliyetangaza kijiji kizima kwamba twende. Kila siku mke hukaa alipo mumewe, mke hukaa alipo mumewe."

Hapo akageuka. Miaka minane nakaa na mama huyu, machozi yake sikuwahi kuyaona, hata siku tuliyomzika baba mkwe. Siku ile niliyaona.

"Ulitaka niseme nini?" akauliza. "Mwanangu anaishi peke yake kule, anakula kwenye makopo. Nimwambie mkeo na wanao niachie mimi? Mama gani anamwambia mwanawe hivyo?"

Nikainama nikamvua Zisis suruali iliyolowa.

Akajifuta mikono kwa aproni, kidole kwa kidole. Kisha akanitazama moja kwa moja.

"Huu wa leo ni wangu, na ule wa njano wa kwanza ni wangu. Lakini ule mweupe, Vaia, siujui. Mwanzo nilidhani ni wa mtoto kweli. Halafu nikautazama vizuri. Hauna kiatu. Asimina asingesahau kiatu."

Akaugusa mguu ule kwa ncha ya kidole.

"Nikajua si mimi peke yangu nisiyetaka muondoke. Ndiyo nikapata moyo wa kuweka wangu."

Haya. Mniwie radhi, ndugu wasomaji. Mguu wa kwanza niliuweka mimi.

Ilikuwa Jumapili baada ya Jumamosi ya tatu. Watoto walikuwa wameshalala. Nilikuwa nakunja nguo zao niziweke begini, nikafika kwenye zile soksi nene za Zisis, nikamkumbuka anavyonyata. Nikaenda jikoni. Mikono ilikanda kabla kichwa hakijaamua. Nikautengeneza mguu, nikaugandisha kwa uji wa unga, nikaukausha juu ya jiko la kuni, huku nalia kama mjinga. Mtu mzima wa miaka thelathini na nne anaizuia Pasaka kwa unga wa ngano.

Asubuhi mtoto akaitwa mwongo mbele yangu, na mimi nikaendelea kuosha sahani.

Tulikaa mezani mimi na Evanthia, unga katikati yetu, Zisis anazunguka bila suruali. Tukatazamana, tukacheka mpaka tukashika mbavu. Kisha kicheko kikaisha.

"Nani atamwambia?" nikauliza.

"Wewe. Ni mume wako," akasema. "Mimi nitakaa karibu."

Alhamisi Kuu tulipaka mayai rangi wote wanne. Unachukua jani dogo la kotimiri, unalibandika juu ya yai, unalifunga ndani ya soksi nyembamba, unachemsha kwa maganda ya vitunguu. Ukifungua, jani limebaki jeupe juu ya wekundu. Evanthia alichana soksi zake mbili nzuri bila mtu kumwomba. Kuhusu zizi hakusema neno.

Stergios alifika Jumamosi Kuu saa sita mchana.

Nataka muelewe kitu kimoja, nampenda mume wangu. Alishuka kwenye gari amekonda, ndevu za siku mbili, amevuka nchi nne bila kulala. Watoto walimrukia, na mimi nikamshika nikanusa shati lake. Kisha nikaona viti vya watoto kule nyuma ya gari, viwili, vipya, plastiki bado haijatolewa. Nikajiambia, Vaia, leo ni leo, asemaye kesho mwongo.

Baada ya kula, watoto wakakata mguu wao wa Jumamosi ya mwisho, wenye kiatu cha mwisho. Wakakimbia nje na kipande chao.

Stergios akamtazama Bibi Kwaresima, akacheka.

"Pasaka imefika na huyu bado ana miguu mitatu? Mmekosea hesabu."

"Hatujakosea," nikamwambia. "Kaa, Stergios."

Akakaa.

"Hatuendi."

Alidhani ni utani. Akatabasamu, akanitazama, akamtazama mama yake, tabasamu likaondoka. Akasema lakini ulisema sawa. Nikamwambia nilisema, na nilikudanganya, na hilo ni kosa langu, naomba radhi. Lakini hatuendi. Sitamfundisha mwanangu kunyata maisha yake yote ili wewe ulale mchana. Sitawafungia watoto ghorofa ya nne, mimi nisiyejua Kijerumani hata cha kumuuliza daktari kitu, nikungoje uamke.

Akaanza kupandisha sauti. Yeye anafanya haya yote kwa ajili ya nani? Vile vitanda ni vya nani?

"Kwa ajili yetu," nikamwambia. "Basi ungetuuliza. Hukuniuliza, Stergios. Uliniarifu."

Akamgeukia mama yake. "Mama, mwambie."

Evanthia alikuwa anamenya viazi. Akaweka kisu.

"Mwanangu," akasema, "ile miguu miwili ya njano ni yangu."

Stergios hakuelewa. Tukamweleza, mguu kwa mguu, wa nani na wa lini. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka akaenda kukaa ndani ya gari lake, saa nzima, mlango wazi. Sikumfuata. Nilitaka, Evanthia akanishika mkono.

Usiku alikuja nasi kanisani, akawasha mshumaa wake, hakunisemesha. Jumapili alichoma mwanakondoo, akacheza na watoto, bado hakunisemesha. Jumanne asubuhi akawabusu watoto, akambusu mama yake, akanitazama mimi kwa muda, akaondoka na viti viwili vitupu.

Wapo mtakaosema nimevunja nyumba. Kijijini wameshasema, tena wale walionipongeza ndio wa kwanza. Waseme. Mimi na Stergios bado hatujamalizana, na sijui tutaishia wapi, sitawadanganya. Lakini mwezi wa sita alipiga simu akaniuliza avifanyeje vile vitanda. Aliniuliza. Nikamwambia avirudishe dukani, naye akasema atafikiria. Miaka minane ya ndoa, ilikuwa mara ya kwanza nasikia swali.

Limebaki moja, na hili ndilo lililonifanya niandike.

Mama mkwe niliweza kumwambia. Mume niliweza. Mtoto nilikuwa namkwepa.

Jumanne ile, gari lilipopotea kwenye kona, nilimkuta Asimina kwenye ngazi anamenya fito kwa ajili ya kikapu kingine. Nikakaa chini yake, ngazi moja chini. Nikamwambia ule mguu mweupe niliuweka mimi. Nikamwambia nilimwacha aitwe mwongo, na Lazaro wake ukapita, na nilikuwa najua hana kosa. Nikamwomba anisamehe.

Hakuacha kumenya.

"Najua," akasema. "Nilikuona."

"Uliniona?"

"Niliamka nataka maji. Ulikuwa unalia na ulikuwa na unga puani."

Majuma yote yale. Dirishani na kikapu chake, anawasikiliza wenzake wanaimba, na alikuwa anajua.

"Sasa mbona hukumwambia bibi?"

Asimina akanitazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi.

"Bibi hakuuliza ni nani. Aliuliza kama ni mimi." Akavuta ganda refu la ufito mpaka likatoka lote. "Na wewe ulikuwa hapohapo, mama. Nilikuwa nangoja useme."

Ndugu zangu, mficha uchi hazai. Kama una hapana moyoni mwako, iseme mwenyewe, kwa mdomo wako, kwa mtu anayehusika, hata kama sauti inatetemeka na nyumba nzima inanuna. Ukiificha haipotei. Inatafuta mtu mwingine wa kuibeba, na mara nyingi ni yule mdogo kuliko wote ndani ya nyumba.

Yangu ilibebwa na mtoto wa miaka mitano, na hakuiangusha.